Sababu ya Thureya

Mimi ndiye mkata risiti za ushuru, Langoni,
shilingi thelathini kwa meza, kila siku,
nyeupe ya mwenye meza, nakala ya buluu yangu.
Kwa hivyo msinibishie: tarehe ninazo.

Jumatatu, tarehe tatu, Thureya binti Lali
aliinua meza yake ya mikate ya mofa
akaihamisha hatua arubaini,
kutoka ubavuni mwa nyumba ya wageni
hadi pembeni mwa duka la dawa.
Hakumwambia mtu. Thureya si wa maneno.
Nilimuuliza mimi, maana risiti yataka mahali.
"Ile mashine yao ya ubaridi," akanena, "yadondoka.
Tone, tone, ndani ya unga wangu."
Basi. Sababu yote ni hiyo.
Niliiandika kwa penseli, nyuma ya nakala.

Siku ile ile wakapita wageni wa harusi kutoka Faza,
boti imewachelewesha, njaa imewakamata shingo.
Kabla ya laasiri kikapu kilikuwa kitupu.
Kikapu kila mtu alikiona.
Wageni walishakwenda zao.

Jumatano akaja Shee Bunu na majagi yake ya ukwaju.
Alhamisi, Athman Famau wa viazi karai,
aliyekuwa na lango zima la shule,
watoto wamwita kwa jina, wengine kwa deni,
akawaacha.
"Kwani Thureya ni mjinga?" aliniambia. "Ana jambo alijualo."
Zuhura wa bajia hakumtazama Thureya,
alimtazama Athman.
Waliofuata hawakumtazama mtu, walihesabu meza:
meza nne haziwezi kupatwa na wazimu mmoja.

Mwisho wa mwezi, meza kumi na moja.
Punda hapiti ila kwa kubembelezwa,
na matumbo ni yale yale ya Langoni,
halijaongezeka hata moja.
Mkate wa ishirini ukawa wa kumi na tano,
bajia ikapungua unene, kisha bei, kisha chumvi.
Akishusha huyu, yule naye ashushe;
apendaye hayupo, awezaye kuacha hayupo.
Mwenzako akinyolewa, tia maji, twaambiwa.
Na kama mwenzako alinyolewa kwa ajili ya chawa?

Najua mtakaloniuliza. Mbona sikusema?
Meza kumi na moja ni risiti kumi na moja.
Mkubwa wangu alinipigia simu kunipongeza,
kisha akampigia mwenzangu wa Mokowe
akamwambia aige mfano wangu.

Halafu fundi akaja na ngazi, mashine ikatengenezwa.
Siku mbili tu, ukuta ukakauka.
Nikamwendea Thureya, nusura nikimbie:
"Pale pako hapadondoki tena. Rudi."
Akatazama kushoto. Akatazama kulia.
Shee na majagi, Athman, Zuhura,
na wale saba wengine, bega kwa bega, moshi kwa moshi.
Akashusha sauti, kama mtu aliyeaminiwa siri:
"Watu wote hawa hawangekuja hapa bure.
Pana jambo walijualo."

Sikumjibu. Nilimkatia risiti.

Usiku ule nilitoka kutafuta mishikaki.
Wachomaji wawili, nyama ya bucha moja,
makaa ya gunia moja, nalijua hata gunia.
Mmoja ajipepea peke yake.
Kwa mwenzake, foleni imekunja kona.
Niliyasimamisha mawazo yangu pale katikati
kwa muda wa kumeza mate,
kisha miguu ikanipeleka penye watu.
Aliyekuwa mbele yangu, wa mwisho kabla yangu,
alikuwa ameshaanza kuchungulia kule kwengine.
Akageuka, akaniona:
mtu wa ushuru, mwenye kitabu chake kwapani.
Akarudisha mguu wake ndani ya mstari,
akatulia.